Mdomo wa drili umegoma na ufunguo haupo

Barua nilizochagua safari hii zote zinahusu sehemu moja ya drili, ile ya mbele inayouma biti. Wengine mmeiita chaku, wengine kichwa. Mimi nitaiita mdomo, kwa sababu ndani yake mna mataya matatu na kazi yake ni kuuma. Kile kinachouzunguka mdomo na kugeuka kwa mkono nitakiita pete. Na shina la biti ni ile sehemu isiyokata, inayoingia mdomoni. Tukiwa na majina hayo manne tutaelewana hadi mwisho.

*Shikamoo Fundi. Marehemu baba ameniachia drili ya umeme ya waya, nzito, mwili wake wa chuma. Biti ya milimita 8 imebaki ndani na ufunguo wa kuifungulia sijauona popote. Jirani alinishauri nigonge meno ya pete kwa patasi na nyundo. Nimejaribu, nimetia alama mbili, haikutingishika. Rafiki yangu anasema niushike mdomo kwa koleo halafu niwashe drili kidogo tu. Nifanye nini? Na je, ninaweza kuendelea kufanya kazi bila ufunguo?*
*Mrithi wa drili*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kufiwa. Weka patasi chini kabla hujasoma mstari mwingine. Meno ya pete ndiyo mali ya mdomo huo. Jino likimegeka, hata siku utakapoupata ufunguo wake halisi utakuwa unateleza pale pale palipomegeka, na kila ukiteleza unalisaga na jino la pembeni. Alama mbili zinavumilika. Usiongeze ya tatu.

Ushauri wa rafiki yako ni mbaya kuliko wa jirani. Drili nyingi za zamani za waya hazina mwendo wa polepole. Ukigusa kiwashio, mota inafika kasi yake yote kabla kidole hakijaachia. Koleo lililoushika mdomo litang'oka na kuzungushwa, na litakachokipata njiani ni mkono wako, au uso wa aliyesimama karibu. Hakuna "kidogo tu" kwenye drili ya namna hiyo.

Sasa nikueleze kilichomo ndani, maana ukikijua hutahangaika tena. Mataya matatu yamelala kwenye njia za mshazari zinazokaribiana kwa mbele na kuachana kwa nyuma. Mgongoni mwa kila taya mmechongwa nyuzi kama za skrubu. Nyuzi hizo zimeshikwa na nati iliyokatwa vipande viwili na kubanwa ndani ya pete. Ukiigeuza pete, nati inakwenda nayo, na mataya yote matatu yanasogea kwa pamoja: yakisukumwa mbele yanabana, yakivutwa nyuma yanaachia. Ufunguo wenyewe ni gia ndogo yenye kijiti puani. Kijiti kinakaa kwenye tundu la mwili wa mdomo, na meno ya gia yanaumana na meno ya pete. Kwa kuwa meno ya ufunguo ni machache na ya pete ni mengi, na juu yake kuna mpini wa kuzungushia, nguvu ndogo ya kiganja inafika kwenye mataya ikiwa imeongezeka mara nyingi. Mmarekani Arthur Jacobs alipewa hataza ya mdomo wa aina hii mwaka 1902, na drili za ufunguo zinazotengenezwa leo bado zinafuata njia ile ile.

Kwa hiyo unachohitaji ni mambo mawili: kuuzuia mwili wa mdomo usizunguke, na kuigeuza pete. Yote mawili ni kazi ya mkono.

Chomoa plagi, uilaze juu ya meza mahali unapoiona. Tafuta chuma cha duara kinachoingia kwenye tundu la mwili wa mdomo bila kuchezacheza. Bolti ndefu inafaa, na shina la bisibisi iliyozeeka linafaa pia. Msumari usiutumie, ni laini, utapinda. Biti nyingine pia usiitumie, ni ngumu lakini inavunjika kama kioo na vipande vyake vinaruka. Chuma hicho kikishaingia, kitakuwa mpini wako wa kuushikia mwili. Kisha izungushie pete kipande cha ngozi au mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nyuma ya meno, pale kwenye mistari ya kushikia, uiume kwa spana ya mabomba. Ngozi si ya kuremba. Bila ngozi, meno ya spana yatachimba pete na baadaye itakukata vidole kila unapoishika.

Utazame mdomo kwa mbele, ncha ya biti ikikuelekea wewe. Pete iende kinyume na mwendo wa saa, na chuma ulichokiingiza ukivute upande wa pili. Usitumie uzito wa mwili. Vuta kwa mikono, ongeza polepole, simama, vuta tena. Mdomo uliokazwa kwa ufunguo huwa unaachia kwa mkupuo mdogo, kama kifuniko cha chupa, na baada ya hapo utaimalizia kwa vidole.

Usipoachia, ujue kuna kutu au vumbi limegandamana ndani, na drili iliyokaa muda mrefu bila kutumika huwa hivyo. Isimamishe, ncha ya biti ikitazama juu, udondoshe mafuta ya kulegeza kutu pale biti inapoingilia kati ya mataya, matone matatu au manne, na mengine machache kwenye ukingo wa pete. Ngoja robo saa, kisha ilaze mdomo ukiwa umeinama ili mafuta ya ziada yachuruzikie nje yasiingie kwenye gia na mota. Iache hivyo usiku kucha. Asubuhi igonge pete kwa kipande cha mbao ngumu au nyundo ya mpira, gonga kidogo, zungusha kidogo, gonga tena, hadi umalize duara lote. Hatuigongi ili igeuke. Tunagonga ili mtetemo uvunje kilichoganda, halafu spana ndiyo igeuze. Jirani yako alilisikia lile la kugonga, ila hakujua linagongwa nini na kwa nini.

Biti ikitoka, fungua mataya hadi karibu na mwisho, usifike mwisho kabisa, uelekeze mdomo chini na kupiga piga ubavuni. Utashangaa uchafu utakaodondoka. Pitisha mswaki mkavu kati ya mataya. Kisha fungua na kufunga mara kumi kwa vidole mpaka uhisi pete inakwenda laini.

Umeuliza kama unaweza kufanya kazi bila ufunguo. Kwa mbao laini na biti nyembamba, ndiyo, kwa siku mbili tatu. Tumia njia ile ile ya chuma na spana, safari hii pete iende kufuata mwendo wa saa. Lakini huwezi kufikia mkazo wa ufunguo, na ukiulazimisha utaiponda pete ikawa yai. Kwenye chuma, kwenye zege, au kwa biti nene kupita milimita 6, mimi nakukataza. Biti isiyobanwa vizuri itakwama kwenye kazi, shina lake litazunguka ndani ya mataya, na chuma kikisuguana na chuma vinalainishana vyote viwili. Biti utanunua nyingine. Mataya yakishalainika, mdomo huo hautauma tena ipasavyo hata kwa ufunguo.

Kwa hiyo tafuta ufunguo, na usinunue kwa kukisia. Funguo zinatofautiana kwa unene wa kijiti na kwa ukubwa na idadi ya meno. Chukua biti zako, ujaribu mashina yake kwenye tundu moja baada ya jingine. Lile linaloingia bila kucheza ndilo linakupa kipimo cha kijiti. Midomo mingi inataka milimita 6 au 8. Lakini kijiti peke yake hakitoshi. Beba drili yenyewe uende nayo, uujaribu ufunguo mdomoni. Meno yaingie hadi chini, ukiutikisa ufunguo usiyumbe, na ujaribu matundu yote matatu. Kuna funguo za pembe nne zenye vichwa vinne tofauti. Mara nyingi kichwa kimoja kitakubali, na ni nzuri kuwa nayo, ila mpini wake ni mfupi na unaumiza kiganja.

Ukiupata, kuna tabia moja nataka uianze siku hiyo hiyo: kaza kwenye matundu yote matatu. Kaza la kwanza mpaka ligome, nenda la pili, utaona linageuka tena kidogo, na la tatu vilevile. Ufunguo unaisukuma pete kutoka upande mmoja, na pete inaegemea. Ukizunguka matundu matatu, mkazo unasambaa kwa mataya yote. Kufungua hakuhitaji hivyo, tundu moja linatosha.

Na kama ufunguo haupatikani kabisa, usiitupe drili ya baba. Mdomo wenyewe unafunguka na kubadilishwa, hata ukaweka ule wa kukaza kwa mkono. Tazama maandishi yaliyochongwa ubavuni mwa mdomo. Ukiona 1/2-20, maana yake shafti, ule mhimili wa drili ambao mdomo umefungwa juu yake, ina unene wa nusu inchi na nyuzi 20 kwa kila inchi. 3/8-24 ni shafti nyembamba zaidi. Mdomo mpya lazima uwe na namba hiyo hiyo. Sasa sikiliza sana: kama drili yako inazunguka pande zote mbili, fungua mataya yote uchungulie ndani. Chini kabisa utaona kichwa cha skrubu. Skrubu hiyo ina nyuzi za kushoto. Inafunguka kwa kufuata mwendo wa saa, kinyume na skrubu zote ulizozizoea. Nimeona vichwa vingi vya skrubu hizo vimeliwa na watu wenye nguvu nzuri waliozungusha upande usio wake. Ikishatoka, mdomo wenyewe unafunguka kwa kawaida, kinyume na saa ukiutazama kwa mbele. Banisha kwenye mataya upande mfupi wa ufunguo mkubwa wa pembe sita wenye umbo la L, ulaze drili mezani, uupige upande mrefu pigo moja kavu kwa nyundo ya mpira. Drili ya zamani inayozunguka upande mmoja tu mara nyingi haina skrubu hiyo, kwa kuwa hakuna kinachoweza kuufungua mdomo wakati wa kazi.

*Fundi, nina drili ya betri, mdomo wake hauna ufunguo. Mikono yangu ina baridi yabisi. Kijana wangu amenionyesha njia rahisi: anaushika mdomo kwa kiganja, anabonyeza kiwashio, mdomo unajifunga wenyewe, akitaka kufungua anageuza upande na kubonyeza tena. Nami nikawa nafanya hivyo. Wiki iliyopita biti imekazika, si mimi wala yeye anayeweza kuifungua. Na je, njia hiyo ina madhara? Nimeona watu wengi wanaitumia.*
*Mama mshonaji wa makochi*

Mama yangu, nakuandikia hili kwa moyo wote: acha njia hiyo, na mwambie kijana aiache.

Najua kuwa mafundi wengi wanaitumia. Mimi niliitumia miaka mingi, kwa haraka ile ile, biti kuingia, biti kutoka. Siku moja nilikuwa juu ya ngazi, mkono wa kushoto umeushika mdomo, wa kulia kwenye kiwashio. Drili ilikuwa kwenye gia ya pili, ya kasi, nami nilidhani ipo kwenye ya kwanza. Mdomo ulifunga, ukafika mwisho wake, na mota ikawa bado ina nguvu ya kutoa. Nguvu hiyo ilikwenda kwenye kifundo cha mkono wangu. Biti nayo ilikuwa imenusa kiganja, ikanichana kutoka chini ya kidole gumba hadi katikati. Jeraha lilipona. Kifundo kilinichukua miezi, na mpaka leo nikikamua nguo nakisikia. Wewe una baridi yabisi tayari. Viungo vyako haviwezi kulipa gharama hiyo.

Kuna na madhara ya drili yenyewe, na ndiyo yaliyokupata. Vidole vinajua pa kuishia. Mota haijui. Inapofika mwisho bado ina uzito unaozunguka, na uzito huo unaipiga nati ya ndani kama nyundo. Ukirudia hivyo kila siku, mdomo unajikaza kupita kiasi. Ongeza na kuwa biti ikikwama kwenye kazi, mdomo wa namna hii hujikaza zaidi wenyewe, na kwenye kazi ya zege ule mtetemo wa kupiga unaingiza vumbi kwenye nyuzi. Mambo matatu yakikutana, unapata drili kama yako.

Tuifungue. Toa betri kabisa, usitegemee ile nafasi ya katikati ya swichi ya kugeuzia. Weka gia kwenye namba 1. Kisha tazama mdomo una pete ngapi. Ukiwa na pete mbili, ya nyuma unaishika isiende popote na ya mbele ndiyo inayogeuka. Ukiwa na pete moja, drili nyingi za betri za aina hiyo zina kifungio ndani kinachozuia shafti pale unapogeuza kwa mkono, basi unashika mpini kwa mkono mmoja na pete kwa mwingine. Kufungua ni kinyume na saa, ukiutazama mdomo kwa mbele. Jaribu kwanza kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani kilichokaushwa vizuri. Mpira unafanya nguvu ya kiganja ishike badala ya kuteleza, na kwa mikono inayouma hiyo ni nusu ya kazi.

Isipokubali, msaidiwe na jiliwa, kile kibanio cha chuma kinachofungwa mezani. Weka vipande viwili vya mbao au mpira kwenye midomo ya jiliwa, ubane pete kwa upole, kiasi tu isizunguke, maana pete nyingi za sasa ni za plastiki juu ya chuma na zinapasuka. Betri ikiwa bado iko nje, kijana asimame nyuma ya drili, mdomo ukitazama mbali naye, aigeuze drili nzima kinyume na saa, kwa mpini. Mpini wa drili ni mrefu kuliko upana wa kiganja, unatoa nguvu ambayo mkono hauna, na inakwenda polepole kiasi kwamba mtu anahisi wakati inapoachia. Kwa mdomo wa pete mbili, ile ya mbele ndiyo ibanwe. Kama hamna jiliwa, mikanda miwili ya mpira ya kufungulia vichujio vya mafuta inafanya kazi ile ile, mmoja huku na mmoja kule.

Baadaye, kila unapoweka biti, isukume hadi igonge chini, kisha irudishe nyuma milimita mbili au tatu ndipo ukaze. Biti iliyoegemea chini husukumwa na kazi, na huko chini mataya yanajibana nayo. Kaza kwa kiganja mpaka usikie kakaka mara mbili tatu kama mdomo wako ni wa kutoa mlio. Mlio huo ndio unaokwambia kuwa kifungio kimeingia. Kwa makochi yako, ambako biti ni ndogo na mbao si nene, mkazo huo unatosha kabisa. Na kama kazi yako ni kubadilisha kati ya biti mbili siku nzima, weka mdomoni kishikio kile cha pembe sita chenye sumaku au cha kufyatua, ukaze mara moja asubuhi. Biti zenye shina la pembe sita zitaingia na kutoka humo bila kuugusa mdomo hadi jioni. Hilo ndilo ningelikwambia kwanza kama ningekuwa karibu nawe.

*Fundi, biti yangu inazunguka peke yake ndani ya mdomo nikianza kutoboa chuma. Nakaza mpaka vidole vinauma. Drili ni mpya. Je, mdomo ni mbovu?*
*Kijana wa mageti*

Kabla hujaulaumu mdomo, ondoa biti ulitazame shina lake. Likiwa na mafuta, lifute kwa kitambaa kikavu. Likiwa na mikwaruzo ya duara yenye kingo zilizosimama, hizo kingo ndizo zinazoyazuia mataya yasikae; zipitishe tupa laini mpaka kidole kisihisi kitu. Kisha rudisha biti na uizungushe drili polepole kabisa huku ukitazama ncha. Ncha ikisimama mahali pamoja, ni sawa. Ikichora kaduara, biti imeingia kati ya mataya mawili na la tatu limeachwa nje. Hutokea sana kwa biti nyembamba, nawe unakaza kwa nguvu zote kitu ambacho hakijashikwa. Fungua, ishike biti katikati kwa vidole viwili, funga polepole mpaka mataya matatu yaiguse yote, ndipo umalizie.

Kwa chuma cha mageti mimi ningependa upate biti za shina la pembe sita, au zile za duara zilizochongwa bapa tatu shinani. Mataya matatu yakikaa juu ya bapa, hakuna pa kutelezea. Angalia pia usije ukawa umeingiza biti ya shina lenye mifereji, ile ya mashine za kupasulia zege. Biti hizo zimetengenezwa kwa mdomo wake maalumu unaoziacha zicheze mbele na nyuma, zilianza miaka ya 1970, na mdomo wa mataya matatu hauzishiki. Na usome ubavuni mwa mdomo: ukiandikwa 1.5–13, biti ya milimita 1 haitashikika hata ukaze vipi.

Kosa jingine linaweza kuwa si la mdomo. Ukisukuma sana biti butu kwenye chuma, kitu fulani lazima kiachie. Noa biti, punguza mwendo, tia mafuta ya kukatia kwenye tundu.

*Niliufungua mdomo hadi mwisho nikasikia kitu kimegota, sasa hauendi mbele wala nyuma. Mataya yamezama ndani.*
*Msomaji*

Mataya yamerudi nyuma hadi yakaegemea kitako, na nati imejikaza juu yake. Toa betri au plagi. Tia matone mawili ya mafuta, kisha gonga taratibu ubavuni mwa pete kwa mbao huku ukiigeuza kufuata mwendo wa saa. Usichokonoe mataya kwa bisibisi. Likitoka moja kwenye mstari wake, yatafunga yakiwa hayalingani, na mataya hayabadilishani nafasi: kila moja lina njia yake na nyuzi zake zimeanzia mahali pake.

*Fundi, nimeshapoteza funguo tatu za drili. Kuna mtu aliwahi kuniambia niuache ufunguo mdomoni ili usipotee. Ni sawa?*
*Msahaulifu*

Si sawa hata kidogo. Drili ikiwashwa na ufunguo uko mdomoni, unarushwa kama jiwe la kombeo, na haujali nani kasimama wapi.

Ufunge kwa kamba ngumu au ukanda wa mpira kwenye waya wa drili yenyewe, lakini mahali pa kuufunga ni muhimu. Wengi wanaufunga karibu na mpini kwa kuwa ndiko wanakouhitaji. Wewe ufunge karibu na plagi, kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye plagi, na kamba iwe fupi. Hapo ufunguo hautaufikia mdomo mpaka uchomoe plagi uje nayo mkononi.